Makanisa ya mawe ya Nicodemus, Kansas: nani aliyajenga kule porini?

MzeeWaTrela ameandika:

Wakuu habari zenu. Mimi niko huku Kansas naendesha trela, na kama madereva wengine huwa nakomaa na I-70 tu mwanzo mwisho, sasa majuzi nikapewa mzigo wa kushusha Hill City ikabidi nikate kaskazini niingie haiwei 24. Asikwambie mtu, kule ni ngano na mtama mpaka macho yanachoka, unaendesha muda mrefu hujapishana na gari hata moja. Mara nakuta kibao, NICODEMUS, kumbe ni eneo la kihistoria la taifa, mji wa watu weusi waliotoka utumwani wakaja kujichukulia mashamba mwaka 1877. Naangalia pembeni naona vinyumba vichache vimetawanyika, na makanisa mawili ya kizamani, madogo, yale ya mawe yaliyopigwa lipu kwa juu. Nilitaka kushuka lakini mzigo una saa yake, nikapita roho inaniuma.

Tangu siku hiyo sijatulia. Naomba mwenye kujua anieleweshe, hawa watu walifikaje mbali kote kule hali ndo wametoka utumwani hawana kitu, makanisa walijenga wenyewe au walijengewa, na kwa nini mawili kwenye kijiji ambacho hata duka sijaliona? Na zaidi ya yote, mji umeisha lakini makanisa yamesimama, imekuwaje hapo? Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa, nimekua tukisomba mawe ya msingi kila Jumamosi, najua kanisa la kijijini linavyojengwa kwa jasho, ndo maana hii habari imenikaa kichwani. Karibuni.

MwanaHistoria ameandika:

Mkuu umepita sehemu nzito sana, na nakushauri siku nyingine ukate hata saa moja ushuke. Ngoja nieleze ninavyoijua, itakuwa ndefu kidogo mnivumilie.

Anzia Kentucky. Tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaachia huru watumwa liligusa majimbo yaliyoasi tu, na Kentucky haikuasi, kwa hiyo watumwa wa kule walikuja kuwa huru rasmi Desemba 1865 marekebisho ya 13 ya katiba yalipopita. Huru, lakini ardhi ni ya mabwana walewale, kibarua kwa mabwana walewale, na usiku kuna watu wanapita na vitambaa usoni wanachoma nyumba za waliojaribu kuinua kichwa. Sasa kulikuwa na sheria ya mashamba, Homestead Act, Lincoln aliisaini 20 Mei 1862, kwamba mtu akiwa raia au anaomba uraia, ana miaka 21 au ni mkuu wa familia, anajipimia ekari 160 za ardhi ya serikali, ada zote jumla kama dola 18, anakaa na kulima miaka 5, hati inatoka kwa jina lake. Watu weusi mwanzoni hawakuhesabiwa raia hata kama walizaliwa hapohapo Marekani, mpaka sheria ya 1866 na marekebisho ya 14 ya 1868, hapo ndo na wao mlango ukafunguka.

Aprili 1877 ikasajiliwa kampuni ya kuanzisha mji. Rais wake Mchungaji W. H. Smith, mweusi, katibu Mchungaji Simon Roundtree, mweusi, na mhazini W. R. Hill, mzungu dalali wa viwanja, na huyo Hill ndiye mji wa Hill City ulikoshusha mzigo umebeba jina lake. Angalia hapo kwenye uongozi, watatu, wawili wachungaji. Na walikwenda kutafuta watu wapi? Makanisani. Walizunguka kwenye makanisa ya weusi Kentucky wakihubiri habari za Kansas, ardhi nzuri, wanyama wa kuwinda, kiwanja mjini dola 5. Kwa hiyo kabla hata jiwe moja halijawekwa kule, kanisa lilishakuwepo, ni lenyewe lililofungasha likapanda treni.

Roundtree alifika Juni 1877 wa kwanza kabisa, Julai wakaja Zachary Fletcher na mkewe Jenny, huyu Zachary akawa posta masta na Jenny mwalimu wa kwanza. Kundi kubwa, watu zaidi ya 300, likaingia Septemba. Treni iliwaishia Ellis, na kutoka Ellis ni zaidi ya kilometa 50, siku mbili kwa miguu na mizigo na watoto. Wanafika wanakuta hakuna mji. Hakuna nyumba, hakuna mti, maana miti kule iko mtoni tu, hakuna mbao, na baridi inakuja. Kuna waliogeuza wakarudi, na waliobaki walikuwa na hasira na Hill kiasi cha kutaka kumdhuru.

Waliobaki wakachimba. Walichimba kwenye kingo za miinuko, shimo la chumba kimoja, mbele wanaziba kwa matofali ya nyasi na udongo yaliyokatwa ardhini, juu fito na matawi na nyasi halafu udongo tena. Wale mliowahi kuona picha za nyumba za zamani za Wairaqw kule Mbulu zilizozamishwa kwenye mlima, ndo wazo hilohilo. Emma Williams alifika na ujauzito mkubwa, na msimu uleule akajifungulia humo shimoni, mtoto wa kwanza kuzaliwa Nicodemus, Henry.

Kuna mama mwingine, Willianna Hickman, mke wa Mchungaji Daniel Hickman Mbaptisti, hawa walikuja na kundi lao kutoka Georgetown, Kentucky, majira ya kuchipua ya 1878. Huyu mama aliacha simulizi yake na kwangu mimi ndiyo inayofungua kila kitu. Ellis walikwama kwenye mahema kama wiki mbili kwa sababu surua iliingia kwa watoto, watoto kadhaa wakafia pale. Baadaye wakaondoka na magari ya farasi, barabara hakuna, wanafuata njia za paa na dira, usiku wanaume wanawasha moto na kupiga bunduki kufukuza wanyama. Siku ya pili wanaume wakapaza sauti kwamba Nicodemus ile pale. Yeye anaumwa, anainuka anaangalia haoni kitu. Anamuuliza mumewe iko wapi, mumewe anamwonyesha moshi unatoka ardhini, hapa na pale, moshi bila nyumba. Watu walikuwa chini. Akaanza kulia.

Sasa kanisa. Wabaptisti walianza ibada kwenye shimo lilelile la aina hiyo, la kuchimba, juu limejengewa kwa matofali ya udongo na nyasi. Mwaka 1880 wakajenga mahali palepale kanisa dogo la mawe, chumba kimoja. Mwaka 1885 likajengwa lingine la mawe ya chokaa, nalo la Wabaptisti, lile la Mount Olive, na hilo ndilo 1897 likanunuliwa na dhehebu la AME, ambao mpaka leo ndo jina lao limebaki pale. Halafu 1907 Wabaptisti wa kanisa la kwanza wakajenga jengo kubwa zaidi palepale walipoanzia kwenye shimo. Hayo mawili uliyoyaona ni la 1885 na la 1907. Lipu ilikuja baadaye, ndani yake ni mawe.

Kwa hiyo jibu la swali lako la nani alijenga, ni wao wenyewe. Mawe yapo ardhini kule bure, chokaa ile ikitoka machimboni ni laini unaikata, ikikaa juani na upepo inakaza, na mikono ilikuwepo. Kilichohitaji hela ni mbao za paa, vioo, misumari, na hivyo viliburuzwa kutoka stesheni ya treni kwa mkokoteni.

Binti_Rift ameandika:

Uzi poa sana huu, nimesoma mara mbili. Lakini wacha niulize swali gumu na msinichukie. Sisi tuliokulia Rift Valley hadithi ya walowezi tumekua nayo nyumbani kwa mababu, so nikisikia mtu amepewa ekari 160 na serikali kitu ya kwanza nauliza, hiyo shamba ilikuwa ya nani kabla? Maana serikali haizalishi ardhi. Kama kuna watu walifukuzwa ndo hawa wengine wakaja kujenga kanisa juu yake, hiyo pia ni historia ya hilo kanisa, ama?

MwanaHistoria ameandika:

Dada Binti_Rift wala huchukiwi, swali ni la haki kabisa na bila hilo hadithi haijakamilika.

Nyanda zile zilikuwa za kuwindia za makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, Wapawnee na Wakansa, hao ambao jimbo lenyewe limebeba jina lao, na upande wa magharibi Wacheyenne na Waarapaho. Mkataba wa Medicine Lodge wa 1867 ukawasukuma Wacheyenne na Waarapaho kusini, eneo ambalo leo ni Oklahoma, na Wakansa wenyewe wakaondolewa 1873 wakapelekwa hukohuko. Waosage pia walishahamishiwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1870. Wale watu wa Kentucky wanafika 1877, yaani miaka minne tu baada ya wenye jina la jimbo kuondolewa. Sheria iliyowapa wao shamba ilisimama juu ya mikataba iliyowanyang'anya wengine, huo ndo ukweli na haufichiki.

Lakini sikiliza na upande huu, maana wazao wa Nicodemus wenyewe ndo wanausimulia. Ule msimu wa baridi wa kwanza, mavuno hakuna maana walifika wamechelewa kulima, akiba hakuna, wanaume wengine wameondoka kwenda kutafuta vibarua kwenye reli, na njaa imeingia mashimoni. Waosage waliokuwa wanarudi kutoka kuwinda wakapita pale, wakawagawia nyama. Watu waliohamishwa kwenye nyanda hizo ndio waliowalisha hawa waliokuja. Simulizi hiyo imepokezanwa kwenye familia za pale miaka yote na hakuna aliyejaribu kuifuta ili kujifanya kwamba babu zao walijitosheleza wenyewe. Mimi hilo nawaheshimu nalo sana.

Binti_Rift ameandika:

Hapo kwa Waosage nimenyamaza kidogo. Asante mwalimu, hii sijawahi iskia popote.

Kapteni_wa_Kyela ameandika:

Mimi naomba nirudi kwenye swali la mtoa mada, la mji kufa na kanisa kubaki, maana mwanahistoria ametupa miaka lakini hajagusa reli na bila reli huelewi.

Miaka ya 1880 Nicodemus ilichangamka kwelikweli, mkuu. Kulikuwa na maduka, hoteli ya Fletcher, timu ya besiboli, magazeti mawili, mojawapo liliitwa Western Cyclone. Edward McCabe wa hapohapo Nicodemus alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kushinda cheo cha jimbo kule, akarudishwa tena 1884. Ilikuwa inaonekana mji unapaa. Lakini mji wa mkulima wa ngano bila treni ni bure, gunia lako unalipelekaje sokoni? Wote wakawa wanasubiri reli, kata ikapiga kura kutoa hatifungani za dola 16,000 kuivuta kampuni ya Missouri Pacific, ikashindikana, halafu 1888 Union Pacific ikapitisha reli yake ng'ambo ya mto, kilometa chache tu kutoka pale, ukazaliwa mji wa Bogue. Wafanyabiashara wakahama, wengine wakavuta mpaka majengo yao yakavushwa mto kupelekwa Bogue. Biashara ya Nicodemus ikaisha hapo. McCabe mwenyewe baadaye akaelekea Oklahoma kuanzisha mji mwingine wa weusi, Langston.

Sasa linganisheni miaka. Reli imewakwepa 1888. AME wananunua lile kanisa la mawe 1897. Wabaptisti wanajenga lile kubwa 1907. Yaani kanisa kubwa kuliko yote Nicodemus lilijengwa karibu miaka 20 BAADA ya mji kuhesabiwa umekufa. Nani huyo anajenga kanisa kubwa kwenye mji uliokufa? Hapo ndo penye siri yote. Kilichokufa ni mji wa wenye maduka, watu walikuwepo. Watu walikuwa mashambani, kila familia na ekari zake, wametawanyika kilometa nyingi kila upande, hati mkononi, na hati ya shamba haihami na reli. Mwenye duka alihama kwa sababu mali yake inabebeka, mkulima akabaki. Na mkulima alikuwa anakuja Nicodemus kufanya nini kama maduka hayapo? Kusali. Kuzika. Kuozesha. Kukutana.

Yule mama Willianna aliyelia mnakumbuka? Simulizi yake haiishii kwenye kulia. Anasema siku zikapita na miezi na miaka akaizoea nchi, wakaliendeleza shamba lao wakakaa karibu miaka 20, na Nicodemus walikuwa wanakwenda kanisani na kwenye sherehe, na binti zake watatu wakawa walimu pale na maeneo ya jirani. Ona anavyoitaja Nicodemus, haitaji sokoni, anataja kanisa, sherehe na shule.

Kwa maoni yangu ndo maana majengo yaliyobaki pale ni ya aina ileile, makanisa mawili, shule ya 1918, ukumbi wa kata, na ile iliyokuwa hoteli na nyumba ya Fletcher. Ukiitoa hiyo hoteli, yote ni majengo ya kukusanyikia watu.

MzeeWaTrela ameandika:

Duh. Wakuu hapa mmenifungua macho, mimi nilidhani kanisa limebaki kwa sababu ni la mawe tu, kumbe mawe ni jambo la mwisho.

Swali dogo la nyongeza, kwa nini Wabaptisti na AME wasingeungana wakawa na kanisa moja hali wako wachache hivyo? Na hii AME ni dhehebu gani hasa, kwetu sijalisikia.

Mama_Neema ameandika:

Kaka Mzee AME ni Wamethodisti, kirefu chake Kanisa la Kiafrika la Maaskofu la Kimethodisti, lilianzishwa na Richard Allen kule Philadelphia, yeye alizaliwa mtumwa akajinunua uhuru wake. Alikuwa anasali kwenye kanisa la Wamethodisti pamoja na wazungu, ikafika mahali weusi wanainuliwa kwenye magoti katikati ya maombi wahamie sehemu waliyotengewa, wakatoka kwa pamoja. Akaanzisha kanisa lake Bethel 1794, na 1816 makanisa kadhaa ya namna hiyo yakajiunga ikawa AME, yeye askofu wa kwanza. Sasa mtu aliyetoka kwenye historia kama hiyo hawezi kuliacha jina la AME kirahisi, hata kama waumini ni wachache, kwake AME ndiyo uhuru wenyewe. Na Mbaptisti naye kwake kanisa la mahali ndilo linajiamulia kila kitu, mchungaji linamwita lenyewe, haliagizwi na askofu yeyote. Watu waliokuwa wanaamuliwa kila kitu maisha yao yote, saa ya kulala, saa ya kula, mtoto auzwe wapi, leo wanaamua wenyewe wanabatizwaje na nani awahubirie, wewe unadhani watakubali kuunganishwa ili waokoe gharama za paa? Mawili wala si mengi.

Na mimi Nicodemus nimefika, ndo maana nimeingia kwenye uzi. Niko Wichita, kuna akina mama wa kanisani kwetu wenyeji wa huku, weusi wa hapahapa Kansas, mmoja bibi zake walitoka Nicodemus, akatuchukua twende kwenye Homecoming, sherehe ya wazao kurudi kwao. Inafanyika mwisho wa Julai kila mwaka. Asili yake ni kusherehekea tarehe 1 Agosti 1834, siku utumwa ulipofutwa kwenye makoloni ya Uingereza, watu weusi wa Marekani walikuwa wanaiadhimisha hata kabla wao wenyewe hawajaachiwa, na Nicodemus wameishika tangu 1878, hawa waliokuwa bado wanaishi mashimoni jamani.

Siku za kawaida pale hawafiki hata watu thelathini wanaoishi. Homecoming wanamiminika wazao kutoka Denver, Topeka, Kansas City, mpaka California. Kuna gwaride, kuna wapanda farasi waliovaa sare za wale askari weusi wa zamani, kuna chakula cha kutosha kila kona. Mimi nilikaa na bibi mmoja chini ya turubai, yuko kwenye kiti cha kukunja na fimbo yake, kila kijana anayepita anamwita, wewe wa kwa nani? Kijana anajieleza, mimi mtoto wa fulani, bibi anakataa kichwa, anataka babu, anataka babu wa babu, mpaka afike kwa yule aliyetembea kutoka Ellis ndo anaridhika anamshika mkono. Hivyohivyo kama nyumbani kwenye msiba au harusi wazee wanavyokuhoji ukoo. Nilikaa naye mchana mzima sikutaka kuondoka.

Jumapili ni ibada, na pale ndo utaelewa alichosema Kapteni. Mtu anatoka na ndege California kuja kusali na watu wa damu yake, kwenye kijiji ambacho hakijui hata petroli inauzwa wapi. Waliimba mpaka nikajisahau nikaanza kupiga vigelegele vyetu, wakafurahi sana wakaniambia niendelee.

Kapteni_wa_Kyela ameandika:

Mama Neema hapo kwa bibi umetupa kitu ambacho hakuna kitabu kinacho. Na ndo hao wazao waliopigania mpaka mji ukatambuliwa, 1976 ukawekwa kwenye orodha ya alama za kihistoria za taifa, na Novemba 1996 Bunge la Marekani likapitisha kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa chini ya idara ya hifadhi, idara hiyohiyo inayosimamia hifadhi kubwa kama Yellowstone. Bila wao kusumbua, yale mawe yangekuwa yameshabebwa mtu akajengea zizi.

Na jengo la AME kwa sasa liko mikononi mwa hiyo idara, linatunzwa kama jengo la historia.

Mdau_Mbeya ameandika:

Naomba kuuliza kitu kingine, je Nicodemus ilikuwa peke yake? Maana ninavyojua filamu za Marekani mashamba ya magharibi ni wazungu watupu na kofia zao.

MwanaHistoria ameandika:

Hapana mkuu, haikuwa peke yake. Kulikuwa na Dearfield kule Colorado, DeWitty kule Nebraska, Langston na miji mingine mingi Oklahoma, na hata Kanada kuna Amber Valley, Alberta, iliyoanzishwa na weusi waliokimbia Oklahoma ilipoanza kuwawekea sheria za ubaguzi. Dearfield leo ni magofu. Nicodemus inatajwa zaidi kwa sababu katika ile miji ya weusi iliyoanzishwa magharibi ya mto Mississippi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, hii ndiyo ya zamani kuliko zote ambayo bado ina watu. Na hao watu wengine bado wana mashamba ya babu zao. Veryl Switzer kwa mfano, alizaliwa Nicodemus, akacheza futiboli ya Kimarekani Green Bay Packers miaka ya 1950, na aliendelea kushikilia ardhi ya kwao pale na kuilima.

Kuhusu filamu, sheria ile ya mashamba ilitoa hati zaidi ya milioni 1.6 mpaka ilipofutwa, karibu asilimia 10 ya ardhi yote ya Marekani, na wengi mno waliopata ni wazungu, hilo ni kweli. Weusi walikuwa wachache kwa sababu ili utumie hiyo sheria unahitaji nauli ya treni, jembe, plau, ng'ombe au farasi wa kuvuta na chakula cha mwaka mzima kabla ya mavuno, sasa mtu aliyetoka utumwani juzi anavitoa wapi? Nicodemus mwaka wa kwanza wengi walifungua ardhi kwa koleo na jembe la mkono, udongo wa nyika ile ambao haujawahi kuguswa, mizizi ya nyasi imesukana kama mkeka. Wakati mwingine mzungu jirani ana plau ya chuma na farasi wawili. Ndo mjue lile kanisa dogo la 1880 lilijengwa na watu wa namna gani, hata miaka 5 ya kupata hati walikuwa hawajaitimiza, mtu hajui kama shamba litakuwa lake lakini jiwe la kanisa ameshaliweka.

MzeeWaTrela ameandika:

Wakuu Mungu awabariki wote, Mwanahistoria, Kapteni, Mama Neema, na dada Binti_Rift kwa lile swali la ardhi. Nimemsomea mke wangu uzi wote jana usiku na uamuzi tumeshafanya, Julai mwishoni naomba likizo twende na watoto na gari dogo. Nataka wayaone hayo makanisa kwa macho yao, hawa wamezaliwa huku na shuleni hawajaambiwa habari hizi. Naombeni maelekezo ya kutoka Wichita na pa kuanzia nikifika.

Mama_Neema ameandika:

Kutoka Wichita panda I-135 mpaka Salina, shika I-70 kwenda magharibi mpaka Hays, hapo ingia 183 kaskazini, utapita Plainville ufike Stockton, halafu kushoto kwenye 24 utaikuta. Ni kama saa nne ukienda kwa utulivu. Jaza mafuta Hays au Stockton na beba maji na chakula cha watoto, kule hakuna duka kama ulivyoona mwenyewe.

Ukifika anzia kwenye ukumbi wa kata, Township Hall, jengo la mawe la 1939, ndo kituo cha wageni, walinzi wa hifadhi wako pale watakuonyesha kipi kiko wazi kuingia siku hiyo na kipi cha kuangalia kwa nje. Angalia saa zao za kufungua kabla hujatoka nyumbani. Na hoteli za kulala tafuteni mapema Stockton, Hill City au Hays, wiki ya Homecoming zinajaa. Sisi pia tunakwenda mwaka huu, nitumie ujumbe ndani tupange tuongozane, watoto wako watacheza na wa kwangu.